Kukonda Mbele ya Majirani

Daktari aliyenipima alikuwa mdogo kuliko ndugu yangu wa mwisho, na labda ndiyo sababu maneno yake yaliniuma. Alifungua kitambaa cha kupimia presha mkononi mwangu, akasema imepanda vibaya, kisha akaniuliza baba yangu alikufa kwa ugonjwa gani. Kiharusi, nikamwambia. Akauliza alikuwa na umri gani. Nilipotaja, akaitazama kadi yangu, halafu akanitazama mimi, na sote wawili tukafanya ile hesabu bila kuisema.

Baba alilala upande mmoja wa mwili umekufa kwa muda mrefu kabla hajaenda. Mama alimlisha uji kwa kijiko. Mimi, mwanawe msomi, nilikuwa nikifika na mke wangu kutoka Nairobi mwisho wa mwezi kumfuta kidevu na kumsimulia siasa ambazo hakuweza kuzijibu. Kwa hiyo daktari hakuhitaji kunitisha. Alinipa hadi shule zifungwe mwishoni mwa mwaka niishushe presha mwenyewe: nipunguze chumvi, mafuta, sukari na unene, na nitembee kila siku. Nikishindwa, ningeanza vidonge ambavyo nisingeviacha tena. Nilitoka pale nimeshaapa moyoni kwamba wanangu hawatanilisha uji.

Nilianza kama wanavyoanza watu wa chuo kikuu, yaani kwa kusoma. Nilisoma juu ya moyo, juu ya mishipa, juu ya shayiri. Baada ya kusoma sana nikanunua suti ya mazoezi ya rangi ya samawati yenye mistari myeupe, nikatoka nayo alfajiri kukimbia kuzunguka mtaa. Tulikuwa tukiishi Buruburu, katika mojawapo ya zile korti, nyumba zilizobanana kuzunguka uwanja mmoja, ambazo jirani akikaanga kitunguu wewe unajua ni cha nyama au cha maharagwe. Nilifika hadi dukani. Mwenye duka, mzee wa Kimombasa aliyekuwa akichoma mahamri tangu kabla ya mwadhini, alitoka nje kuangalia nani ananifukuza. Alipoona hakuna mtu nyuma yangu, alinipa kiti na maji. Suti ile nilimpa shemeji yangu, naye akawa anailalia.

Nikaamua kuliacha gari nyumbani na kutembea. Ofisi yetu ilikuwa Indastria, kule kwenye viwanda, ambako nilihariri vitabu vya shule katika jengo lililopakana na kiwanda cha sabuni, na kutoka nyumbani hadi huko ni mwendo ambao mtu mzima anaumudu. Siku ya kwanza niliiona safari yangu kama ugunduzi. Nilipotokea barabarani nikakuta umati wa watu umeshagundua kabla yangu: wanaume na wanawake wa viwandani, maelfu kwa macho yangu, wakienda kasi bila kusema, viatu vimejaa vumbi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi. Mwanamume mmoja mwenye ovaroli aliniangalia tai yangu na raba zangu, akaniuliza kwa huruma kama ndiyo nimeandikwa kazi majuzi.

Hapo ndipo mtaa ulipoanza kunisoma, na ukanisoma vibaya. Ilikuwa miaka ya kupunguzwa kazini. Wiki haikupita bila kusikia fulani wa korti ile amepewa barua, na dalili zilijulikana: mtu anaacha gari, anaanza kutembea, nyama inapotea nyumbani kwake, mkate na siagi vinafuata. Mimi nilikuwa nimefanya yote hayo kwa hiari. Vijana wa kona walinisalimu kwa upole ambao hawakuwahi kunionyesha. "Niaje, Prof. Siku hizi ni mguu tu? Usijali, hata sisi tuko hapa." Mwenye duka alipoona hatuchukui tena mahamri ya asubuhi, alitufungia machache katika gazeti akasema ni ya watoto, tusikatae riziki. Niliwapa watoto. Nilisimama nikawaangalia wakila, na nadhani huo ndio ulikuwa ushujaa wangu mkubwa mwaka ule.

Kusemwa kwamba nimefutwa kazi nilikuvumilia. Hata kulinichekesha. Shida ilikuja pale mwili ulipoanza kutii.

Kitambi changu kilikuwa kinaeleweka mtaani kuliko cheti cha digrii kilichokuwa ukutani. Kilipoanza kuyeyuka, mashati yakaanza kuning'inia, mashavu yakaingia ndani, na maamkizi yakabadilika. Watu waliacha kuniuliza habari za kazi. Waliniuliza habari za mwili. Wakinipa mkono walikuwa wakiushika kidogo tu, kisha wanauachilia. Anayekumbuka Nairobi ya miaka ile hahitaji kuelezwa. Ulikuwepo ugonjwa ambao ulikuwa unazika watu kila Jumamosi na hakuna aliyeutaja kwa jina. Tulisema "ugonjwa huu wa siku hizi," na tulimjua aliye nao kwa jambo moja: kukonda.

Mke wangu ndiye aliyeubeba mzigo huo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwimbaji wa kwaya, mtu wa watu. Jioni moja alirudi kutoka kwaya akakaa kitini bila kuvua kitambaa cha kichwa. Akaniambia wamempumzisha kupika chai ya Jumapili. Hakuna aliyemkosea adabu. Wamemwambia tu anaonekana kuchoka. Kisha akasema, akiutazama mlango:

"Baba watoto, nenepa kidogo. Mwezi mmoja tu, waone. Halafu uendelee na mambo yako."

Nilitaka kumjibu kwa yale niliyoyasoma. Badala yake nilimuuliza kama anakumbuka mkono wa baba ulivyokuwa, ule wa kushoto. Alikumbuka. Ndiye aliyekuwa akimkata kucha. Usiku huo aliweka chapati mezani, zinang'aa kwa mafuta, na hakunikaribisha wala hakuziondoa. Nilikula sukuma wiki yangu isiyo na chumvi nikiwa nimezipa mgongo. Zilinukia hadi chumbani.

Jumamosi iliyofuata walikuja. Wanawake wa jumuiya ya kanisa, majirani wa korti, na mbele yao jirani yetu wa ukutani, dereva wa kampuni, Mkamba mwenye sauti nene aliyekuwa pia mzee wa kanisa. Kwetu mtu akipatwa na jambo haachwi peke yake, na haendewi mikono mitupu. Walileta unga, mchele, mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, na sukari. Sukari nyingi sana. Waliipanga yote mezani pangu, mbele yangu, huku mke wangu akimimina chai.

Yule jirani akaomba. Aliomba kwa ustadi, akizunguka jambo bila kuligusa: kwamba ndugu yetu anapita katika bonde, kwamba mwili ni wa muda, kwamba mama wa nyumba hii atiwe nguvu kwa siku zijazo. Niliposikia habari ya siku zijazo nikafumbua macho. Alipomaliza, nikasema ukweli. Nikawaambia nina presha, kwamba daktari ameniamuru nipungue, kwamba hayo tu ndiyo yaliyopo.

Walitikisa vichwa kwa upole mkubwa. Mama mmoja akanigusa bega akasema, "Ndiyo, ndugu. Presha." Na hapo nikaelewa nilichokuwa nimekifanya. Kila aliyekondeana hadi kaburini mwaka ule alikuwa na presha, au kifua, au malaria iliyokataa dawa. Ndivyo familia zilivyosema, na ndivyo sisi wengine tulivyokubali kusikia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama kwenye mazishi nikitikisa kichwa hivyo hivyo. Nilikuwa nimesema kweli yangu kwa maneno yaleyale ambayo mtaa wote uliyatumia kuficha.

Nilifikiria kuleta kadi ya hospitali, nikaona aibu. Nikafikiria pia, sitadanganya, kula. Ule mkebe ulikuwa mbele yangu. Ningeanza jioni ileile, na kufikia Krismasi kila mtu angeniita mzima.

Mke wangu aliweka birika chini. Hakupaza sauti.

"Ana presha," akasema. "Baba yake ilimlaza, na mimi ndiye nilikuwa namgeuza kitandani. Huyu sitamgeuza. Jumatatu natembea naye mpaka kwenye geti ya kazi yake, ndipo niende shuleni. Mwenye swali atukute njiani."

Halafu akawashukuru kwa vitu, akawapitishia bakuli la sukari, na alipofika kwangu akaliruka.

Jumatatu alitoka na raba za mwanetu na sketi ya kazini. Nilidhani nitamsubiri, nilijikuta nikimfukuza. Tulipita dukani, tukapita kona ya vijana, naye akawasalimu wote kwa sauti ya darasani, huku akiniambia ninyooshe mgongo. Masengenyo hayakukoma, yaliongezeka: sasa walisema tumeugua wote wawili. Aliposikia hivyo aliongeza mwendo. Kabla ya mwezi kwisha yule jirani dereva alinisimamisha kwenye lango la korti, akaangalia kushoto na kulia, akaniuliza kama kile kitambaa cha kupimia kinauma. Nikamwambia kinabana tu. Hakuja kutembea nasi, lakini alikwenda kupimwa, na nikajua kwa sababu mkewe aliacha kumkaangia mayai.

Shule zilipofungwa tulikwenda kliniki pamoja. Yule daktari kijana alinifunga kitambaa, akakijaza hewa, akasikiliza, akarudia. Akasema imeshuka. Haijafika anapotaka, lakini vidonge tuviache kwanza, niendelee hivyohivyo, tuonane tena baada ya Pasaka. Nilianza kuinuka nikiwa na maneno ya shukrani tayari, pengine hotuba. Mke wangu alikalia kile kiti kabla sijafungua kinywa, akakunja mkono wa blauzi yake, akamwambia, "Sasa mimi."