Mtaa Uliopakwa Rangi ya Nyasi

"Nyasi? Mimi nimezaliwa kwenye nyasi? Kwani mimi mbuzi, kaka?"

Aliyefoka hivyo ni wifi yangu, mwongoza watalii, viwiko kavikita kwenye meza ya karani wa idara ya utalii. Karani alikuwa amemnyang'anya beji na kumwandikia faini kwa kosa la kupeleka wageni nje ya ramani. Nje ya ramani ndiyo kwetu. Mimi nilimsindikiza tu, nimshike akitaka kurusha kitu.

Ramani yenyewe waliiacha wakoloni. Walijichorea barabara pana zenye miti kando, kisha wakaacha ukanda mtupu kati yao na sisi, kwenye ramani wakaupaka kijani cha nyasi, ili mbu wetu wachoke kabla ya kuwafikia. Mbu wenye adabu hao, wanahesabu mita. Wenyewe walipoondoka, watu wakajenga. Leo ukanda una nyumba mia nane, shule mbili, na mafundi viatu usiseme. Idara nayo, kwa bidii yake, kila mwaka inachapisha ramani ile ile, karatasi ikizidi kung'aa. Basi mgeni anapigwa jua barabara nzima, anapiga picha sanamu, benki, na sanamu nyingine, halafu anarudi hotelini kulalamika kwamba mji umelala.

Malalamiko hayo wifi aliyasikia miaka kumi na miwili akifua mashuka ya hoteli, huku akidokoa lugha za watu. Alipopata beji, akawaleta kwetu. Wageni wakakaa na mafundi viatu, wakacheka hadi jioni.

"Dada, kibali kinafuata ramani," karani alisema.

"Haya, nisomee hicho kibali."

Akasoma: barabara kuu, majengo ya kumbukumbu, na maeneo yote ya nyasi.

"Rudia hapo mwisho, baba."

Karani akakikunja kibali.

"Basi niliwapeleka nyasini. Kijani hicho hapo, mmechapa wenyewe. Ukisema pana nyumba, ramani yenu ni ya uongo. Ukisema ni nyasi, lete beji yangu. Chagua. Sina haraka, leo anapika mume wangu."

Karani aliikodolea macho ramani. Kuibadilisha kulitaka saini saba, na mmoja wa wenye saini alishazikwa. Akavuta droo, akatoa beji. Kisha akaipiga mstari karatasi ya faini, akaandika "imesamehewa", akagonga muhuri mara mbili, wifi asije akakumbuka jambo lingine.