Jeli au Maji ya Chumvi

Katika soko la Garsen, Tamar huuza sidiria za mitumba. Huzitundika kwenye kamba mbele ya kibanda chake, na mteja hahitaji kutaja kipimo. Tamar humtazama mara moja, akachomoa moja kutoka kwenye lundo na kusema, "Hii." Ni nadra mtu kurudi kubadilisha. Wakulima wa Kipokomo kutoka kando ya mto, wafugaji wa Kiorma waliojitanda mitandio, walimu, wapishi wa hotelini, wote wamepita mbele ya jicho lake. Vijana wa stendi humwita Mama Sidiria.

"Mwambie mama yako aje nimpimie," huwajibu, nao hutawanyika wakicheka.

Kifua chake mwenyewe hakukitazama. Kioo cha chumbani alikigeuzia ukutani, akawa anavaa sidiria ya sponji nene na juu yake blauzi pana, hata wakati wa jua kali la Garsen linalokausha nguo kabla hujamaliza kuanika.

Aliyemfikisha hapo ni mumewe, Silas, dereva wa lori la mchanga. Siku moja kwenye karamu ya harusi, mbele ya ndugu na majirani, Silas alisema, "Mke wangu anauza sidiria kwa sababu yeye hana cha kutia ndani." Meza nzima ikacheka. Tamar naye akacheka, maana angefanya nini? Baadaye Silas alianza kulala Tarasaa, na huko akapata mwanamke mwingine. Hakuita wazee wala hakuaga. Alikuja nyumbani kwa nadra, kisha kwa nadra zaidi, mpaka Tamar akagundua kwamba amekwisha kuachwa na hajui ni lini.

Wapo wanaomtetea Silas kwamba alikuwa akitania. Utani ni wa watu wawili. Mmoja anapocheka na mwenzake anameza mate, huo ni uonevu, na waliokuwa mezani wakaangua kicheko wana sehemu yao katika dhambi hiyo.

Tamar alizaa mara moja tu. Mwanawe, Isaac, alifariki kabla hajaota meno, mwaka ule mto ulipofurika na watu wa vijiji vingi wakahamia kwenye mahema karibu na Minjila. Katika hema la pili aliishi Abdia, mwanamke wa Kiorma aliyekuwa amejifungua binti na kushikwa na homa kali hadi maziwa yake yakakatika. Mtoto alilia mchana kutwa. Tamar, ambaye matiti yake yalikuwa yamejaa na kuuma na hana wa kumpa, alivuka kamba za hema, akamchukua mtoto na kumnyonyesha. Aliendelea hivyo hata baada ya Abdia kupona, mpaka maji yalipopungua na kila mtu akarudi kwao. Mtoto huyo ni Nuria. Siku hizi ni msichana mkubwa, anahudumu katika duka la dawa hapo hapo Garsen.

Tamar alilihesabu jambo hilo kuwa wema wa kawaida, kama kumpa jirani kaa la moto. Abdia, ambaye huuza maziwa, alianza kumwachia kidumu cha maziwa mlangoni kila Ijumaa asubuhi. Tamar alikiosha na kukirudisha kikiwa na mchele. Hakutaka kuwa mtu wa kupewa. Aligundua kwamba Abdia hupokea ule mchele bila furaha, akadhani ameuona mdogo, akaongeza. Abdia akazidi kununa, naye akazidi kuongeza. Mambo yakaenda hivyo miaka na miaka.

Mwaka huu aliona kwenye simu tangazo la kliniki moja ya Mombasa inayoongeza matiti. Alikuwa ameweka akiba kwa muda mrefu. Aliwaambia majirani wa sokoni kwamba anakwenda kuchagua mitumba.

Daktari alikuwa mwanamke asiye na maneno mengi. Alimpima, kisha akamwekea vifuko viwili vyororo viganjani, kimoja huku na kimoja huku.

"Hiki cha kulia ni cha jeli ya silikoni," alisema. "Kibonyeze. Kinakaribia sana mwili wenyewe. Ubaya wake, kikipasuka jeli mara nyingi hukaa pale pale, na unaweza usijue. Kwa hiyo utakuwa unarudi kupimwa kwa mashine kila baada ya miaka kadhaa."

"Na hiki?"

"Maji ya chumvi safi. Kikivuja, mwili huyanywa maji bila kudhurika, na titi hunywea. Utaona mwenyewe, huhitaji mashine. Lakini wewe ni mwembamba, na mikunjo yake huweza kuonekana au kuguswa juu ya ngozi."

"Kipi hukaa maisha yote?"

"Hakuna. Vyote vinaweza kuhitaji kubadilishwa baadaye. Na ujue kifuko hujaza tu. Titi lililoshuka huinuliwa kwa upasuaji wake, mbali na huu."

Tamar alivipima kwa mikono kama anavyopima bidhaa. Vilikuwa baridi. "Kipi kitanirudisha nilivyokuwa zamani?"

"Hilo siwezi kukuahidi, mama."

Namheshimu daktari huyo kwa jibu lake. Sikubaliani na desturi hii mpya ya kuufanya mwili kama nyumba ya kukarabatiwa kila mpangaji anapolalamika. Lakini heri anayeuza na kusema ukweli kuliko waliomcheka yule mama bure.

Kisha daktari akauliza, "Nani atakuwa nawe?"

"Ni lazima?"

"Lazima. Wa kukurudisha nyumbani na kukaa nawe mwanzoni. Hutanyanyua mikono, hutachota maji, hutajiosha vizuri. Nitajie mtu."

Jicho lililozoea kumjua kila mwanamke wa Garsen kwa kumtazama mara moja halikuona hata mmoja. Mama yake alikwisha kufa, na dada zake walikuwa wameolewa mbali, huko Wenje, nao hawakujua kwamba Silas amehama. "Mume wangu," akasema.

"Sawa. Nenda ukaamue, jeli au maji, kisha mje wote wawili."

Nyumbani, uamuzi haukumchukua muda. Kitu kinachopasuka kimya bila mwenyewe kujua alikwisha kuishi nacho, nacho kilikuwa ndoa yake. Alichagua maji ya chumvi. Mikunjo ionekane, ni sawa, lakini siku kitakapoharibika ataona peke yake, kwa macho yake, bila kumtegemea mtu. Hivyo ndivyo achaguavyo mtu asiye na wa kumwangalia, na hakuna aliyekuwepo kumwambia kwamba hiyo si sababu njema ya kuchagua kitu cha kutiwa mwilini.

Alimpigia Silas simu.

"Nataka unisindikize Mombasa," alisema, akamweleza.

Silas alicheka kwa muda mrefu. "Kumbe ulinisikia! Sasa mimi nije kukufulia na kukukorogea uji?"

"Uje ukae tu. Si muda mrefu."

"Tamar, usinichekeshe. Wewe fanya. Vikishapona nitumie picha, niangalie kama panafaa kurudi."

Tamar alikata simu, akabaki ameishika.

Ijumaa iliyofuata, Abdia alifika na kidumu chake akamkuta Tamar ameketi kizingitini, hajavaa vizuri na hajaenda sokoni.

"Mama Isaac, unaumwa?"

"Siumwi. Abdia, nina ombi. Niazime Nuria."

"Nimwazime? Nuria ni jembe?"

Tamar alimwambia yote, akitazama chini. Abdia alisikiliza kidumu kikiwa kichwani. Tamar alipofika kwenye habari ya vifuko, Abdia alikitua.

"Ujaze?" alisema. "Ujaze nini? Hayo matiti yalijaza mtu mzima. Yuko dukani sasa hivi, na jana amenijibu jeuri nyumbani kwangu."

"Unatania kwa sababu una watoto."

"Na wewe huna?"

"Isaac alikufa, Abdia. Hata jina lake hakuna anayelitaja."

Abdia alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Mimi nakuitaje?"

Tamar aliyahesabu majina yake. Sokoni alikuwa Mama Sidiria, kanisani dada Tamar, kwa Silas hakuwa na jina tena. Ni Abdia peke yake aliyekuwa akimwita Mama Isaac, miaka yote hiyo, naye alidhani ni mazoea ya ulimi.

"Nuria akiulizwa ndugu zake," Abdia aliendelea, "huwataja wangu wanne, kisha husema, na Isaac, ndugu yangu wa kunyonya, alitangulia. Anasema hivyo tangu ajue kuhesabu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia kwa maziwa! Wewe ukanilipa mchele. Kwetu mtoto akinyonya amepata mama, ni sheria ya dini, si fadhila ya jirani. Mama huyalipia maziwa anayoletewa na mwanawe? Kila ulipoongeza mchele nilijiuliza, huyu hajui, au anatukataa?"

"Nilidhani unauona mchache."

"Mchache!" Abdia alipiga mapaja. "Nina mchele wa kulisha arusi, na wote ni matusi yako!"

Wakacheka, na Tamar akalia akicheka.

Abdia alimwita Nuria kwa simu. Msichana alikuja na koti lake jeupe la dukani, akaketi chini na kuelezwa. Alimgeukia Tamar.

"Mama, sitakudanganya. Kubadilisha umbile ili kupendeza tu, dini yangu hainiruhusu kusema ni sawa. Lakini ukienda, tutakwenda wote. Atakayekuosha ni mimi." Kisha akauliza kama muuza dawa, "Umechagua aina gani?"

"Ya maji. Ikiharibika nitajua mwenyewe. Ile ya jeli inataka mtu wa kukufuatilia."

"Na sasa ambapo mimi nitakuwa nikikufuatilia? Bado ni ya maji?"

Sababu yote ya Tamar ya kuchagua ilikuwa upweke. Ulipoondolewa, hata kwa kiasi hicho tu, hakujua tena anataka ipi, na alipochimba zaidi aliona kwamba aliyekuwa akijaziwa kifua hicho ni mtu wa Tarasaa anayesubiri picha.

Kabla Jumamosi haijapita alipiga simu kliniki. "Siji," alisema.

"Tukuwekee siku nyingine?"

"Msiniwekee."

Asidhani msomaji kwamba upweke uliisha. Nuria ana kazi yake na Abdia ana wateja wake. Silas hakupiga simu. Tamar alikigeuza kioo, akajitazama, hakupenda alichokiona, akakiacha hivyo hivyo kikimwelekea. Kitandani bado shuka la upande mmoja halikunjamani.

Ijumaa nyingine alikunywa yale maziwa, akaosha kidumu na kusimama mbele ya gunia la mchele. Mkono uliingia wenyewe, kwa mazoea. Akautoa. Alikwenda kwa Abdia akiona haya njia nzima, kama mgeni anayefika mikono mitupu.

Abdia alikipokea kidumu, akakitikisa karibu na sikio. Hakikulia kitu. Akatabasamu, akampisha aingie ndani.