Vioo vya Mraba na Kwaya ya Milimani

Niliondoka Uvira kwa sababu ya mbingu nyeupe. Siku zile za vita nilikuwa mpiga picha Kalundu, mtaa wa bandari wa Uvira, na kwaya ya akina mama wa kijiji kimoja juu ya Lemera ilikuwa imenirudishia picha niliyowapiga. Nyuso zilionekana vizuri, lakini milima ilikuwa imefutika katika weupe. Kiongozi wao, Mama Nabintu, hakunificha.

"Baba, iko kama tunaimba mbele ya shuka. Tunataka milima yetu ionekane. Tafuta chombo, tutakungoja."

Asubuhi iliyofuata nilivuka mpaka wa Kavimvira hadi Bujumbura, kwa muuzaji wa kamera niliyemfahamu. Aliniwekea mezani filta za duara na za mraba, vioo vilivyotiwa giza nusu ili kupunguza mwanga wa mbingu. Ya duara hukazwa kwenye mdomo wa lenzi, na giza lake huishia katikati, utake usitake. Ya mraba ni kioo kinachotumbukizwa katika fremu mbele ya lenzi. Unakishusha au kukipandisha mpaka giza likae juu ya mbingu na kuziacha nyuso. Nikapenda fremu ndogo, nyepesi.

"Lenzi yako ni pana?" aliuliza.

"Pana sana."

"Basi hiyo itakata pembe za picha. Chukua kubwa. Kila lenzi na pete yake ya kushikia fremu, fremu ni ileile. Ila pete ya lenzi pana sina, itafika wiki ijayo. Utangoja?"

Nilingoja kulekule Bujumbura hadi pete ikafika. Kwaya nzima isingeenea katika lenzi nyingine.

Niliporudi Uvira, watu walikuwa wakisimulia milio ya risasi milimani. Nikapata lori la kwenda bonde la Ruzizi. Tulipofika Nyakabere, chini ya milima, dereva alizima injini. Barabara ilijaa watu wenye magodoro kichwani.

"Mwisho ni hapa," alisema. "Kule juu hakuna muntu anapanda tena."

Kwenye uwanja wa kanisa la hapo nilimkuta Mama Nabintu ameketi chini, miguu imevimba. Kijiji kilikuwa kimechomwa, na kila mtu alikimbia na njia yake. Nikasema la kijinga: vioo nimevipata.

"Weye ulikuwa unangoja vioo," alijibu, "na sisi tunakungoja weye. Kila siku ya Mungu tulivaa uniforme ya kwaya."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Kisha akainuka, akawaita wenzake wachache waliofika. "Piga sasa."

Walijipanga mbele ya ukuta wa kanisa. Mbingu haikuwamo, nikavirudisha vioo mfukoni. Mistari yao ilikuwa na mapengo.

"Sogeleaneni, akina mama."

"Hapana, baba. Pale ni pa Furaha. Pale ni pa Mama Byamana. Wako wanakuya."

Nikapiga hivyo hivyo, nikarudi Uvira kwa miguu pamoja na wakimbizi.

Fremu ile kubwa ilikuwa chaguo zuri. Hata leo ningeichagua. Lakini nilijifunza kwamba watu wakiwa wamekusanyika, uwafuate na kamera uliyo nayo.

Vita vilipotulia kidogo, Mama Nabintu alifika Kalundu kuchukua picha. Aliitazama amesimama mlangoni. Akaweka kidole kwenye pengo moja, akataja jina. Akasogeza kidole kwenye pengo la pili, akataja jingine. Nilimletea kiti, naye akaendelea.