Kapasita ya Taa ya Langoni

Tulipomaliza kumzika mke wangu, binti yetu anayefanya kazi Geita alitaka nihamie kwake. Nikamwambia kaburi la mama yake lipo hapa nyuma ya nyumba, na kanisa nalifikia kwa miguu. Mwishowe tukaafikiana: kila jioni niwashe taa langoni. Jirani yangu, mama mjane anayekaa ng'ambo ya shamba la pamba, akiiona atajua nipo salama. Isipowaka, aje atazame. Nikishindwa hilo, nifungashe vitu.

Miaka yangu ya kazi niliimaliza nikitengeneza redio za watu, kwa hiyo taa haikunitisha. Nilitengeneza saketi ndogo na kuiweka kwenye kopo la bati pale langoni. Nikishafunga mbuzi nabonyeza kitufe, transista inafungulia umeme, na baada ya muda inaukata yenyewe ili betri isiishe. Betri yenyewe ipo chini ya kitanda. Huku kwetu betri ya sola hailali nje, wezi wanaifuata. Waya ukatoka chumbani, ukapita uani hadi langoni.

Taa iliwaka vizuri siku ya kwanza. Ya pili, kimya. Transista imeungua. Nikaweka nyingine, nayo ikaungua.

Jirani alifika akiwa na tochi, akanisalimu kwa Kisukuma. "Mwadila, baba. Bado upo? Nilishaanza kutafuta kitenge cha msibani."

"Nipo, mama. Taa ndiyo imetangulia."

Alicheka, akaketi, tukazungumza habari za mvua na magoti yake. Ikawa hivyo jioni nyingi. Binti naye akaanza kuuliza kwenye simu nguo zangu zinaenea mabegi mangapi.

Nililiombea jambo hili, na jibu lilinijia nikitazama mbuzi wakikimbilia zizini. Wa mbele akikuta mlango umefungwa, wa nyuma wanaendelea kusukuma. Umeme kwenye waya mrefu hufanya vivyo hivyo ukikatwa ghafla: unarundikana na kuivunja transista. Kapasita, kile kifaa kidogo kinachohifadhi umeme kwa muda, ndiyo ya kuupokea msukumo huo, nami nilikuwa nimeiweka chumbani, karibu na betri, kwa kudhani mlango wa umeme ni pale unapoanzia safari. Tena ilikuwa ya volti kumi na sita, ikizidi betri kidogo tu.

Nikaenda Shinyanga mjini, kwenye duka la vifaa vya umeme mtaani Kambarage. Nikachagua ya volti hamsini, yenye kuhifadhi umeme wa kutosha, ya aina inayovumilia joto, maana lile kopo mchana huwa halishikiki. Nikaongeza na ndogo ya kauri, ya kuudaka msukumo wa kwanza. Zote mbili nikazichomelea palepale langoni, miguu yake ikikaribia kugusa transista.

Tangu siku hiyo taa haijakosa. Binti ameacha kutaja mabegi. Namshukuru Mungu.

Jirani sasa hutoka mlangoni kwake, akaitazama taa, akainua mkono, akarudi ndani. Hana sababu ya kuvuka shamba, na magoti yanamuuma. Jioni moja nilisimama langoni na koleo la waya mkononi, nikiitazama ile kapasita. Kuichomoa ni kazi ndogo sana. Lakini taa ile ni neno nililompa mwanangu.

Nikalirudisha koleo mfukoni, nikabonyeza kitufe. Kisha nikachukua fimbo, nikavuka shamba la pamba mimi mwenyewe.