Mkono Kwenye Swichi

Kama kuna kitu nilichokichukia katika miaka ya tisini kuliko barabara ya Litein wakati wa mvua, ni kompyuta ya mizani.

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Kericho. Fundi wa kompyuta siku hizo alikuwa mtu anayeitwa printa ikikwama, simu ikikwaruza, na redio ya meneja ikikataa kushika stesheni. Kompyuta zenyewe zilikuwa chache. Ile iliyoninyima raha ilikaa kwenye kibanda cha mizani, pale malori yaliposhusha majani mabichi kutoka mashambani. Lori linapanda mizani, uzito unaingia wenyewe kwenye kompyuta, karani anabonyeza, lori linaondoka. Hivyo ndivyo tulivyoahidiwa.

Kumbe mashine ikifanya kazi vizuri siku chache, ghafla skrini nzima inageuka bluu, inajaa maandishi meupe yasiyoeleweka, na kila kitu kinasimama. Malori yanapanga foleni hadi getini, majani yanaanza kupata moto ndani ya magunia, madereva wanapiga honi kama watu wa arusi. Na ilikuwa alasiri kila mara, kwenye zamu ya mama mmoja kutoka Kipkelion. Karani wa asubuhi hakuwahi kuiona hiyo bluu hata kwa bahati mbaya. Meneja akapiga hesabu yake rahisi: mashine inakufa mikononi mwa mama, basi mama ndiye anayeiua. Akamwambia mbele yangu kwamba mwezi ukiisha na mambo ni yale yale, atarudi chumba cha rola alikotoka.

Chumba cha rola ndiko majani hukatwakatwa kati ya vyuma vizito vinavyozunguka. Mama alifanya kazi huko miaka mingi kabla ya kuletwa mizani. Alikuwa mtu wa kucheka na kutania, lakini siku hiyo alingoja kwanza meneja atoke.

"Fundi," akaniambia, "mimi siwezi rudi huko. Afadhali nikae nyumbani tu na watoto, tukule yenye iko."

Mimi sikuamini hata kidogo kwamba yeye ndiye tatizo. Niliishuku kadi ya mizani, kile kipande kilichochomekwa ndani ya kompyuta ili kipokee uzito. Alasiri ndipo malori yanapokuja kwa wingi, kwa hiyo alasiri ndipo kadi inapochoka. Lakini kadi ile meneja aliichagua mwenyewe, akaisifu kwenye mkutano, na hakutaka kusikia habari zake bila ushahidi. Ushahidi, nikamwambia, nitauleta.

Kulikuwa na programu ya kazi hiyo. Mashine ikianguka, kabla ya kuzimika kabisa, inaweza kumwaga kwenye diski yote yaliyokuwa kichwani mwake. Baadaye programu hiyo inausoma ule mmwago na kukutajia kilichoiangusha. Kwenye kitabu cha maelezo ilionekana kazi ya asubuhi moja kabla ya chai ya saa nne. Kitabu hicho, nina hakika, kiliandikwa na mtu ambaye hajawahi kukaa kibandani akipigiwa honi.

Niliiweka programu. Mashine ikaanguka, nikaenda mbio kutazama: hakuna mmwago. Nikasoma tena. Kumbe kuna faili kubwa ambalo lazima likae kwenye diski ya kwanza, na letu lilikuwa kwenye diski ya pili. Nani aliliweka huko? Mtu wa Nairobi aliyetufungia mashine, ambaye sasa alikuwa hashiki simu. Nikalihamisha. Mashine ikaanguka. Hakuna kitu. Kumbe faili lenyewe lilikuwa dogo kuliko kumbukumbu ya mashine. Nikalikuza, diski ikajaa, nikaanza kufuta vitu nikiwa nimeuma meno. Halafu programu yenyewe ikanigomea: ilitaka orodha za majina ya sehemu za mfumo, zinazolingana na toleo letu, na zangu zilikuwa za toleo la zamani. Nikaagiza CD kutoka Nairobi. Ikaja kwa basi, ikiwa imepasuka. Nikaagiza nyingine. Mwezi nao ulikuwa unakwenda zake.

Ilipofika ile nyingine na kila kitu kikakaa sawa, nilijiona mwanamume. Nilikagua kila mstari wa mipangilio kwa kidole. Mashine ikaanguka siku iliyofuata nikiwa stoo. Nikaja nikitimua mbio kwenye matope, nikaiwasha, nikatazama. Hakuna kitu!

"Mama, ulifanya nini?"

"Mimi? Sijagusa kitu."

"Hukubonyeza chochote?"

"Fundi, nakuapia. Ilikuwa bluu, nikaacha keyboard hivyo tu."

Nilipiga meza teke mpaka kidole kikavimba. Nilianza hata kufikiri kwamba huenda meneja ana haki, kwamba mama huyu ana mkosi wake na mashine. Hasira zilinifikisha huko. Nikaamua kuleta kiti changu kibandani na kukaa naye alasiri zote mpaka nione kwa macho yangu.

Siku ya pili, mvua ya mawe ikipiga mabati, skrini ikawa bluu. Chini kabisa nikaona namba inaanza kupanda taratibu: mmwago ulikuwa unaandikwa! Nilitaka kupiga vigelegele. Kabla sijafungua mdomo, mama alinyanyuka, akanyoosha mkono hadi ukutani, akazima swichi ya stima. Skrini ikawa nyeusi. Akarudi kuketi na kukunja mikono, ametulia kabisa.

"Umefanya nini?" nikapiga kelele.

"Sijafanya kitu!" naye akanipigia. "Imekataa, nimezima!"

Na hapo ndipo nilipoelewa. Kiwandani kwetu kila ukuta uliandikwa kwa rangi nyekundu kwamba mashine ikigoma, izimwe kwanza. Mfanyakazi mpya hufundishwa hilo kabla hata hajaonyeshwa choo. Kwa mama, kuzima hakukuwa kuigusa mashine. Nilipomuuliza amefanya nini, aliniambia ukweli wake wote.

Nikamweleza, kwa sauti ambayo sasa naionea haya kidogo, kwamba kila akizima anamfukuza shahidi wake mwenyewe. Namba ile ifike mia moja kwanza, ndipo tuzime.

"Kule kwa rola," mama akasema, "mwenzangu alishikwa mkono. Mimi ndio nilikuwa karibu na swichi. Nilifikiria kwanza kama niite msimamizi. Nilifikiria kidogo tu, fundi. Mkono ulienda wote."

Nilikuwa nimehangaika na diski na CD na mtu wa Nairobi, na kumbe namwomba mama huyu afanye jambo moja ambalo aliapa hatalifanya tena maishani. Nikamwambia tu, "Hii haina meno, mama. Jaribu." Akaitikia kwa kichwa bila kunitazama.

Ilianguka tena mwezi ukiwa umebaki siku chache tu. Malori yalikuwa yamejaa uwanjani na meneja mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda, amelowa, akiuliza foleni ni ya nini. Skrini ikageuka bluu mbele yake. Namba ikaanza kupanda. Mama aliikalia mikono yake yote miwili, jasho likimtoka.

Meneja alikuwa amelelewa kiwandani kama sisi sote. Alipiga hatua mbili, akanyoosha mkono kwenye swichi.

Sikumwona mama akiinuka. Nilimwona tu ameushika mkono wa meneja kwenye kifundo, ameubana ukutani.

"Wacha!" akasema. "Haijafika!"

Meneja alinitazama mimi kana kwamba ndimi niliyemshika. Nikasema, "Bwana meneja, ngoja namba iishe, tafadhali." Madereva walikuwa wanapiga honi na hakuna aliyesogea. Sitini. Themanini. Mama hakumwachia hata namba ilipofika mwisho, mpaka niliposema kwamba imetosha.

Nikaiwasha upya. Mmwago ulikuwepo. Programu iliusoma kwa kujikokota huku meneja amesimama nyuma yangu, kisha ikataja faili lililoiangusha mashine: lile linaloendesha kadi ya mizani. Meneja aliinama akalisoma jina mwenyewe, akalirudia tena.

"Kwa hivyo si yeye," akasema.

"Si yeye, na hajawahi kuwa yeye!" nikajibu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa.

Akageuka kumtazama mama. Nilidhani anaomba msamaha.

"Ulinishika mkono," akamwambia, akikisugua kifundo.

"Ndio, bwana."

"Ulinishika kwa nguvu sana."

"Ndio, bwana," mama akasema. "Ningekuachilia, ungenirudisha kule."