Mwanamke Hajirudishi

"Mama Armel, kwa nini usirudi tu mwenyewe nyumbani kwako?"

Nilimwuliza hivyo Septemba ya mwaka 1990. Nilikuwa nimesimama juu ya kigoda, uani kwa baba yake huko Kibagabaga, naye amepiga magoti akinikunjia pindo la sare ya shule. Pini zilikuwa zimejaa midomoni mwake. Akachomoa moja, akaichoma kwenye kitambaa, akaendelea na kazi. Nikadhani hajasikia, nikauliza tena. Safari hii pini ilinigusa mguu.

"Simama wima," akasema kupitia meno. Basi, hilo ndilo lilikuwa jibu langu.

Jina lake ni Daphrose. Kabla ya hapo alikuwa jirani yetu Remera, nyumba yao na yetu zikitenganishwa na ua wa miti ya miyenzi tu. Cherehani yake ilikaa dirishani, na sisi watoto tuliamka kwa mlio wake zaidi kuliko kwa jogoo. Mumewe, Silvère, alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali kule Kimihurura, mtu wa kuvaa tai hata Jumamosi. Baba yangu ni dereva wa malori ya Dar es Salaam. Yeye ndiye aliyetuletea Kiswahili nyumbani, pamoja na chumvi na masufuria. Alikuwa akimwita Silvère "Waziri" kwa utani, ila Waziri hakucheka kamwe.

Agosti ile Silvère aliwaalika wakubwa wake wa kazi kula. Nyama ikatoka ngumu. Sisi tulikuwa upande wetu wa ua tukisikiliza vicheko, mara vikakatika vyote pamoja. Mama alikuja kuambiwa baadaye: Silvère alimmwagia mkewe sahani ya mchuzi mapajani, mbele ya wageni, kisha akaagiza aletewe sahani nyingine.

Asubuhi Daphrose akaja kumuaga mama. Mkononi ana kapu moja. Nyuma yake yupo shangazi yake, Mukabalisa, na nyuma ya wote yupo Armel, mtoto wa miaka mitano, ameshika kitenge cha mama yake kwa mikono yote miwili.

"Naenda kwa baba," akasema Daphrose.

"Nenda," mama akamjibu. "Hata mimi ningeenda."

Kwetu jambo hilo lina jina lake, kwahukana. Mke aliyedhulumiwa haendi kushtaki popote, anaenda kwao. Anakaa huko kimya, naye mume anajua la kufanya: anatafuta wazee wawili watatu, anabeba pombe, anakwenda kwa baba mkwe kukemewa mpaka masikio yamuwake. Pombe inanywewa, mke anachukua kapu lake, wanarudi. Bibi yangu aliwahi kufanya hivyo, na akisimulia utadhani anasimulia harusi yake ya pili. Kitu kimoja tu hakifanyiki. Mke hajirudishi. Anayejirudisha bila kufuatwa amewaambia watu wote kwamba kwao hawamtaki na kwamba mumewe anaweza kummwagia sufuria nzima.

Armel alikuwa hataki kuachia kitenge.

"Mwache mtoto," akasema Mukabalisa. "Mwanamke anayeondoka na mtoto anasema harudi tena. Ukimwacha, Silvère ataelewa umekwenda kungoja. Wiki haitaisha, utaona."

Daphrose akambandua vidole, kimoja kimoja, huku akimwahidi andazi.

Baba yake, mzee Damascène, alifanya kila kitu kama inavyopaswa. Kila Jumapili alitoka misa mapema, akafagia uwanja, akapanga vigoda kivulini, akaosha mirija ya kunywea. Akaketi na kofia yake, akitazama njia inayopanda kutoka Remera. Nilimkuta hivyo mara nyingi, maana mama alikuwa akinituma kwa Daphrose na nguo za kushona kwa mkono. Cherehani ilibaki kwa mumewe.

Oktoba vita vikaanza kule mpakani, vizuizi vikawekwa barabarani.

"Mzee, wageni wako wamepotea njia?" jirani mmoja akamtania.

"Askari wamewazuia," akajibu mzee Damascène. "Mtu na mitungi ya pombe, unafikiri watamwacha apite hivi hivi? Wataionja kwanza!"

Wakacheka. Baada ya Krismasi hakuna aliyemtania tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Huku kwetu Remera, baba alirudi safari moja akamkuta Silvère kwenye ua.

"Waziri, kwani pombe imekwisha Rwanda nzima? Iko shida gani kwenda kumchukua mama ya mtoto?"

"Mimi sikumfukuza mtu," Silvère akasema kwa sauti ya upole. "Aliondoka mwenyewe kwa miguu yake. Mlango uko wazi."

Maneno hayo akayazoea. Aliyasema kanisani, aliyasema dukani, aliyasema kwa mama yangu huku akimnyooshea mkono kuonyesha mlango wenyewe. Mlango uko wazi. Mama alirudi ndani akaniambia, "Huyo mwanaume ana maneno mazuri, hata sijui kwa nini yananikereketa koo."

Mimi bado nilikuwa na swali langu. Kutoka Kibagabaga hadi kwetu ni mwendo wa kutembea tu, mimi mwenyewe nilikuwa nikienda na kurudi kabla maharage hayajaiva. Armel alikuwa akimlilia mama yake, tukimsikia. Mlango, kwa maneno ya mwenye mlango, uko wazi. Nini kinachomzuia mtu?

Halafu ikaja karatasi ya mahakama. Silvère alikuwa anadai talaka.

Mzee Damascène alifurahi kuipata, naomba mniamini. Alimwambia mama, "Vizuri! Sasa atalazimika kusimama mbele ya watu wazima akaeleza kwa nini hakuja. Mtu hajaja hata na kibuyu kimoja!" Alifikiri mahakama ni ule uwanja wake uliofagiwa, umepewa tu bati na meza. Daphrose aliomba mambo mawili: Armel, na matunzo ya kumwezesha kumlea. Hakuwa na wakili. Ni nani kwetu mwenye wakili?

Ilikuwa likizo ya Pasaka, mwaka 1993. Nilimng'ang'ania mama mpaka akanichukua. Tukakaa kwenye benchi la nyuma. Mzee Damascène alikaa mbele kabisa, koti limepigwa pasi, kofia magotini, na kando yake wazee wa Kibagabaga waliokuja kumsindikiza. Mukabalisa naye alikuwepo na rozari yake.

Silvère alisema machache. Mke aliondoka. Hakurudi. Hata mtoto wake alimtupa.

"Sikumtupa," Daphrose akasema. "Nilimwacha kwa sababu nilikuwa narudi."

"Ulikuwa unarudi lini?" jaji akauliza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafua, akajipangusa pua na kumtazama vizuri.

"Akija kunichukua."

"Mama, nisikilize. Desturi naijua, hata mama yangu alipata kwenda kwao. Lakini sheria niliyo nayo mezani inahesabu kitu kimoja: nani ameiacha nyumba ya ndoa, na kwa muda gani. Mwaka mzima ukipita, ni kosa la aliyeondoka. Kwa hiyo nakuuliza, na ufikiri kabla hujajibu. Katika muda wote huo, uliwahi kurudi pale nyumbani ukazuiwa? Kama uliwahi, hata mara moja, sema sasa. Itabadilisha kesi hii."

Daphrose akafungua mdomo. Nakumbuka hilo, maana niliinuka kidogo kwenye benchi. Akageuza uso kumtazama baba yake. Mzee alikuwa ameinua kidevu, mkono umeshika ukingo wa kofia.

"Hapana," Daphrose akasema. "Mwanamke hajirudishi."

Wazee wa Kibagabaga wakaguna kwa kuridhika, "Ee!" Mukabalisa akapiga paja. Mzee Damascène akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeonja asali. Jaji akaandika.

Hukumu tulisomewa wiki chache baadaye. Mke ameiacha nyumba ya ndoa kwa hiari yake, kwa zaidi ya mwaka. Talaka imetolewa, kosa ni lake. Mwenye kosa hapewi matunzo. Mtoto abaki kwa baba.

"Lakini yeye ndiye hakuja!" mzee Damascène alipaza sauti. "Andikeni na hilo! Yeye ndiye hakuja!" Askari wa mlangoni akamshika kiwiko, kwa adabu, akamtoa nje. Kofia ikabaki kwenye benchi. Mimi ndiye niliyempelekea.

Tangu siku ile hakuweka tena vigoda. Uwanja ukaota majani. Aliugua kifua wakati wa mvua za Novemba, akafa kabla ya Krismasi, na kwenye mazishi wazee walimsifu kwa kulea binti mwenye heshima. Daphrose alisimama pale akasikiliza sifa zake kama mtu anayesikiliza deni.

Kaka zake waligawana shamba. Yeye akapewa chumba cha nyuma, mpaka watakapoamua vingine. Akapata cherehani ya kukodi kwenye kibaraza cha duka moja Remera, na hapo ndipo nilipompelekea sare yangu Februari hii, iongezwe urefu. Siku hizi mtu hakai sokoni bila sababu, kwa hofu ya mabomu ya mkono. Kila chupa inayoanguka watu wanaruka. Alikuwa amekonda. Miwani ameifunga kwa uzi.

Nilikuwa nimesimama, yeye amepiga magoti, pini midomoni, watoto wa shule wakapita. Mmoja wao alikuwa Armel. Ana miaka tisa sasa, mrefu, paji la uso la mama yake kabisa. Daphrose alizitoa pini zote mdomoni haraka haraka.

"Armel! Umekula?"

Mtoto akasimama. "Ndiyo, madamu. Asante, madamu," akasema, akawakimbilia wenzake. Mmoja akamwuliza ni nani yule, tukasikia jibu lake vizuri kabisa: "Ni yule aliyetukimbia."

Daphrose akabaki na pini kiganjani. Nami, sijui ni ujinga gani, machozi yalikuwa yananitoka na bado nikauliza lile swali langu la zamani. Nikamwambia, mwendo wenyewe mfupi vile, Mama Armel. Mlango ulikuwa wazi. Kwa nini hukurudi tu mwenyewe?

Sikutegemea jibu. Lakini mzee Damascène alikuwa kaburini tayari.

"Nilirudi," akasema.

Akaanza kuchoma pini kwenye pindo, huku akisema, bila kuniangalia.

"Ule mwaka wa kwanza, baada ya Krismasi. Jumapili, baba akiwa misa. Nilifunga kitambaa mpaka machoni ili watu wasinijue, nikapita njia ya mabondeni. Nikabisha. Silvère hakuwepo, au alikuwepo akanyamaza, sijui. Armel ndiye aliyekuja mlangoni, nikasikia miguu yake. Nikamwambia, ni mama. Akafurahi, nikamsikia anarukaruka. Akashika komeo. Halafu akaacha. Akaniuliza, 'Mama, umekuja na nani?' Nikamwambia, nimekuja peke yangu. Akasema, 'Baba alisema ukija peke yako nisifungue.' Akaanza kulia, upande ule wa mlango, na mimi upande huu. Nikasikia kengele ya misa. Nikakimbia, baba asije akarudi kupanga vigoda akakuta mimi sipo. Muuza mkaa wa kona aliniona, tena alinijua. Angekuja mahakamani kunitolea ushahidi, ni mtu mwema. Lakini ulimwona baba pale mbele, Uwase, na kofia yake. Alikuwa hana kitu kingine kilichobaki. Geuka, nimalize na upande wa nyuma."