Maneno Yaliyokuwa Ndani ya Mabano

Mwanangu, ipo siku moja nisiyoweza kuisahau, na nimejaribu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi kompyuta katika duka dogo la mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, mjini Doha, na ujuaji ulikuwa umenijaa mpaka puani. Mteja akianza kunieleza shida yake, sikumsubiri amalize.

Mzee Wekesa, mtu wa Bungoma, alikuwa mlinzi wa jengo moja kule Lusail. Starehe yake ilikuwa sataranji. Kila Ijumaa alicheza na walinzi wenzake, na kila mchezo aliuandika kwenye kompyuta yake kuukuu, amwekee binti yake Nekesa, ampe yote siku atakapomaliza shule. Aliuandika kwa ule mtindo wa kawaida unaosomwa na programu za sataranji kote duniani: herufi na tarakimu kwa kila hatua, na ukitaka kusema neno, unaliweka ndani ya mabano yaliyopinda. Mzee alikuwa na mengi ya kusema. Moja nililisoma kwa macho yangu, kando ya hatua ya farasi: "Hapa nilikasirika, Nekesa, ndiyo maana nikashindwa. Wewe ukikasirika, toa mkono kwenye ubao kwanza." Alikuwa ameandika hivyo kwa miaka tisa.

Kompyuta ilipoanza kuzimazima, aliniletea.

"Kijana, hizi gemu ni za msichana wangu. Hakikisha kila kitu kimeingia."

"Usijali, Mzee. Hiyo ni kazi ya dakika tano."

Nilizihamishia kwenye programu mpya niliyoipenda kwa sababu ubao wake uling'aa. Ilidai kusoma ule mtindo wa kawaida, na kweli ilisoma, ila hatua tu. Ilinionya waziwazi kwamba maandishi ya ziada yataachwa, niendelee au nisiendelee? Nikabonyeza niendelee. Faili mpya nikaihifadhi juu ya ile ya zamani, kwa jina lilelile, nikainakili kwenye flashi yangu, kisha nikaifuta kompyuta yote ili nimwekee mfumo mpya, kama zawadi, na faili nikairudisha. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi mbachao niliuchoma kabisa, tena mbachao wa mwenzangu. Nikamfungulia mchezo mmoja, kete zikatembea vizuri.

"Khalas, Mzee, imekwisha. Imekubali."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Nikapokea shukrani zile bila aibu.

Mwezi haukuisha, Mzee akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, ulimi ukafungwa. Nikaona nifanye wema, nikaomba namba ya Nekesa kwa walinzi wenzake, nikamtumia faili iliyobaki kwenye flashi yangu. Kesho yake akanipigia simu.

"Anko, gemu zote nimepata, asante. Lakini Baba alisema ameniandikia maneno. Yako wapi?"

Nilitafuta mpaka macho yakauma. Hapakuwa na bano hata moja. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hospitalini nilimkuta Sista Auma, nesi wa kwetu aliyemhudumia Mzee, mama wa makamo. Nilimweleza yeye kwanza, nikijitetea kwamba ubao ulifunguka sawasawa. Hakupandisha sauti.

"Uliangalia chenye wewe ulitaka kuona," akasema. "Mzee alikuambia kila kitu. Hukumuuliza kila kitu ni nini. Sasa enda umwambie mwenyewe. Mimi sitakusaidia."

Nilimwambia. Machozi yalimtoka kimya. Kisha kwa mkono wa kushoto akaonyesha kalamu ya Auma, tukamshikia karatasi. Akaandika hatua ya kwanza ya mchezo, akafungua bano, na mkono ukaishia hapo. Kesho yake tulijaribu tena, akafika palepale. Siku ya tatu alifariki.

Nilimpigia Nekesa, nikamwambia yale ya hasira na kutoa mkono kwenye ubao. Ndiyo pekee aliyorithi, na aliyarithi kwa mdomo wa mtu aliyefuta mengine yote. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Hakuna ingine unakumbuka, Anko?" Sikuwa na lingine, na laiti angenitukana.

Basi, mwanangu, wewe unayeshika vya watu, shika na hili. Faili kufunguka si ushahidi kwamba yaliyomo yamefika. Kabla hujahamisha kazi ya mtu, muulize ni kitu gani hataki kipotee, kisha ukifika upande wa pili kitafute hicho kabla ya kingine chochote. Onyo likitokea, lisome kwa sauti mbele yake, kwa maana uamuzi ni wake. Na nakala ya zamani usiiguse mpaka mwenyewe aridhike. Sikuelezi haya kwa kuwa nina busara. Nakueleza kwa kuwa nilimnyang'anya mtoto sauti ya baba yake, na nilikuwa na haraka tu.

Mungu akupe subira ya kuuliza na unyenyekevu wa kungoja jibu, na wanaokukabidhi vyao wasije wakajuta. Nami uniombee, mwanangu, maana dua hiyo bado naihitaji.